Kombe la Konokono wa Rumonge



Mhariri ameniomba, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, niandike juu ya vitabu vilivyonifaa baada ya kutoka shuleni. Nimefikiri, nami nimeona afadhali nisitaje vitabu vingi, ila nieleze jambo moja tu, yaani mageuko ya viumbe, na maisha ya mabwana waliolichunguza jambo hilo katika karne ya 19. Tena nitalieleza kwa kitu kidogo ambacho kila mtoto wa pwani ya Ziwa Tanganyika amepata kukichezea: kombe la konokono.

Kombe lenyewe liko mezani mbele yangu ninapoandika maneno haya. Nililiokota kwetu Rumonge, kwenye mawe ya ufukoni. Urefu wake haupiti kifundo cha kidole gumba, lakini ni gumu kama jiwe. Lina mbavu kutoka juu hata chini, na mdomo wake ni mnene. Mtu aliyezoea makombe ya Bagamoyo au Mombasa akiliona atasema kwamba limetoka baharini. Wala si baharini, maana kutoka kwetu hata bahari ni zaidi ya kilomita 1,000. Nitawaambieni jinsi kombe hili lilivyonitia aibu mbele ya wenzangu, likanigombanisha na baba yangu, na mwishowe likanipatanisha naye.

KWETU RUMONGE

Kwa wale wasiopajua, Rumonge ni mji wa pwani ya Burundi, kusini ya Bujumbura, kiasi cha kilomita 75 kwa barabara inayofuata ziwa. Nyuma ya mji pana milima, mbele pana maji, na katikati pana michikichi mingi, ambayo matunda yake hutoa mawese. Watu wake husema Kirundi na Kiswahili. Usiku wa kiza wavuvi hutoka na taa kuvua ndagala, ambao wenzetu wa Kigoma huwaita dagaa, na asubuhi utaona mikeke na masangala yamepangwa sokoni. Siku ya hewa safi twaiona rasi ya Ubwari ng'ambo, upande wa Kongo.

Ziwa lenyewe si la kawaida. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 670, na kina chake hufika mita 1,470. Ulimwenguni kote hakuna ziwa lenye kina kupita hilo ila moja tu, Ziwa Baikal la Urusi. Wataalamu wakadiria kwamba umri wake ni kati ya miaka milioni 9 na milioni 12. Maziwa mengi ya dunia hujaa matope na kwisha kabla ya kufika hata sehemu ndogo ya umri huo. Basi viumbe wa ziwa letu wamepata muda mrefu sana wa kukaa peke yao, na jambo hili tutalirudia.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Aliniosha samaki mikononi, kama tusemavyo kwetu, akanipeleka ng'ambo ya mpaka kwa ndugu yake, ili nisome. Hivyo ndivyo nilivyofika katika shule hii.

MABWANA WAWILI

Katika maktaba yetu palikuwa na vitabu viwili vyenye majalada yaliyochakaa. Kimoja kilieleza maisha ya Charles Darwin, na cha pili maisha ya Alfred Russel Wallace. Kusema kweli, nilivichukua kwa sababu ya picha za merikebu na za nyoka. Nilidhani nitakuta habari za watu wenye akili za ajabu, lakini nilikuta habari za vijana kama sisi.

Darwin alizaliwa mwaka 1809, mtoto wa daktari tajiri. Baba yake alimpeleka Edinburgh akasomee udaktari, lakini kijana hakuweza kustahimili kuona watu wakipasuliwa, maana zamani hizo dawa ya usingizi ilikuwa haijapatikana. Akapelekwa Cambridge ili awe kasisi, na huko nako aliona raha zaidi kukusanya mbawakawa kuliko kusoma. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku moja alikuwa ameshika mbawakawa wawili, mmoja kila mkono, akaona wa tatu mgeni kwake. Hakutaka kumkosa, akamtia mmoja kinywani ili apate mkono mtupu. Yule mdudu akatoa maji makali, akamwunguza ulimi, na Darwin akamtema. Na wa tatu akampoteza vilevile!

Kijana huyo alipanda merikebu iitwayo Beagle mwezi wa Desemba 1831, akazunguka dunia karibu miaka mitano, huku akiugua kila bahari ilipochafuka. Aliporudi alianza kufikiri jinsi aina za viumbe zinavyobadilika. Lakini hakutangaza. Alikaa na fikira hiyo miaka 20, akikusanya ushahidi. Miaka 8 katika hiyo aliitumia kuchunguza viumbe wadogo wenye makombe ambao huganda kwenye miamba na kwenye mbavu za merikebu. Fikirini, miaka 8!

Wallace alikuwa mtu wa namna nyingine. Alizaliwa mwaka 1823 katika nyumba isiyo na fedha, na akiwa na umri wa miaka 14 aliacha shule ili afanye kazi. Mwaka 1848 alikwenda mto Amazon pamoja na rafiki yake Henry Walter Bates, wakawa wakiuza ndege na vipepeo ili wapate chakula. Baada ya miaka minne Wallace alianza safari ya kurudi kwao, na merikebu yake ikashika moto katikati ya bahari. Karibu kila kitu alichokikusanya kikateketea, naye akakaa siku 10 katika mashua kabla ya kuokolewa. Je, ungekuwa wewe ungefanyaje? Yeye alipumzika kidogo, akaondoka tena mwaka 1854 kwenda visiwa vya mashariki ya Asia, akakaa huko miaka 8.

Yafaa pia mjue kwamba mabwana hawa hawakufanya kazi peke yao. Aliyemfundisha Darwin kukausha ndege huko Edinburgh alikuwa mtu mweusi aliyekuwa mtumwa Guyana, jina lake John Edmonstone. Na aliyemsaidia Wallace visiwani, akampigia ndege wengi na kumwuguza alipokuwa mgonjwa, alikuwa kijana wa Sarawak aliyeitwa Ali. Picha ya Ali ipo hata leo.

MWEZI WA FEBRUARI 1858

Mwezi wa Februari 1858 Wallace alikuwa mgonjwa wa homa huko visiwani. Katika homa ile fikira ilimjia: jinsi aina moja ya viumbe inavyoweza kugeuka na kuwa nyingine. Akaiandika, na barua yake ikaandikwa kwamba yatoka Ternate. Akampelekea Darwin, bila kujua kwamba Darwin alikuwa na fikira hiyohiyo tangu zamani. Darwin alipoisoma mwezi wa Juni alishtuka sana. Rafiki zake wakaamua kwa haki: tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja mbele ya Chama cha Linnean mjini London. Wenyewe hawakuwapo. Wallace alikuwa mbali visiwani, na Darwin alikuwa katika msiba wa mtoto wake mdogo aliyefariki siku tatu kabla. Kitabu kikubwa cha Darwin juu ya asili ya aina za viumbe kilitoka tarehe 24 Novemba 1859.

Haya niliyasoma usiku mmoja bwenini, nikafunga kitabu, nikajiuliza: mwezi ule wa Februari 1858, kwetu kulikuwa na nini? Kesho yake nikatafuta katika kitabu cha historia. Tarehe 13 Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliliona Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza! Burton hakuweza kutembea kwa ugonjwa, alichukuliwa. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, hata maji yale aliyoyatafuta miezi mingi aliyaona kama ukungu tu. Baadaye kidogo mbawakawa alimwingia Speke sikioni usiku, naye akajaribu kumtoa kwa kisu, akajiumiza, akawa kiziwi kwa muda. Naona mbawakawa waliwapenda sana wachunguzi wa zamani zile.

Mwezi wa Aprili wazungu hao, pamoja na Sidi Mubarak Bombay na watu wengine wa msafara, walipanda mitumbwi kutoka Ujiji, wakafuata pwani ya Burundi kabla ya kuvuka kwenda Ubwari, hata wakafika Uvira. Yaani walipita pwani yetu. Na Speke, ijapokuwa macho yalikuwa mabaya, alikusanya makombe. Makombe hayo yalifika London, na mwaka 1859, mwaka uleule wa kitabu cha Darwin, Bwana S. P. Woodward wa jumba la makumbusho la Uingereza alieleza aina nne mpya. Moja aliipa jina la Burton, nyingine la Speke. Mojawapo aliiita Melania nassa, na nassa ni jina la konokono wa baharini, kwa sababu ilifanana nao.

Konokono huyo ndiye jamaa ya kombe langu. Siku hizi kabila lake huitwa Lavigeria, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe. Na mapadri wa shirika hilo walifika wapi kwanza katika Burundi? Rumonge, mwaka 1879. Na mwaka 1881 wamisionari watatu waliuawa hapo. Basi hata jina la konokono wetu limebeba historia ya mji wetu.

AIBU YANGU

Sasa nafika kwenye aibu. Mwalimu mmoja aliniazima kitabu kikubwa cha mwaka 1903, kilichoandikwa na mchunguzi J. E. S. Moore. Bwana huyu alikuja ziwani kwetu mara mbili, mara ya kwanza mwaka 1895. Aliona makombe yafananayo na ya baharini. Tena alisikia habari za konyeza, yule mnyama laini wa umbo la mwavuli anayeelea majini, ambaye kwa kawaida ni wa baharini, na kumbe katika Tanganyika yupo; Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883. Basi Moore akasema: Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari ya zamani sana, zama za wale mijusi wakubwa, na wanyama wake ni masalio ya bahari hiyo.

Nilifurahi kupita kiasi. Ziwa letu lilikuwa bahari! Nikajiandikisha katika chama cha majadiliano, nikasimama mbele ya shule nzima nikiwa na kombe langu mkononi, nikahutubu kama mtu aliyeumba ziwa lenyewe. Wenzangu walipiga makofi. Kisha mwalimu wa elimu ya viumbe akanyosha mkono, akauliza kwa upole: "Kitabu chako ni cha mwaka 1903. Je, umewatafuta waliomjibu?"

Nikanyamaza. Mwalimu akaeleza kwamba mwaka 1904 ulifika msafara mwingine, chini ya W. A. Cunnington, kuja kuyapima maneno ya Moore, nao haukuona ushahidi wa bahari ile. Mbona ziwani hamna matumbawe wala kiti cha pweza? Tena zama zile za mijusi alizozitaja Moore zilikwisha miaka kiasi cha milioni 145 iliyopita, na ziwa halifiki hata milioni 15. Mtoto hawezi kuwa masalio ya harusi ya babu wa babu yake. Wenzangu wakacheka, nami nikaketi.

Usiku ule nilitaka kukirudisha kitabu na kuacha mambo ya viumbe kabisa. Lakini mwalimu aliniita akaniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba Moore hakuwa mjinga. Ni yeye pamoja na mwenzake Farmer, mwaka 1905, waliotunga neno tunalolitumia mpaka leo tunaposoma jinsi chembe za uzazi zinavyogawanyika, yaani meiosisi. La pili, kwamba jibu la Moore lilikuwa si sahihi, lakini swali lake lilikuwa zuri. "Kwa nini makombe haya ni mazito hivi? Hata mimi sijui," akasema. "Labda wewe utajua."

MANENO YA BABA

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani nikiwa nimejaa maneno. Baba alikuwa ameketi nje akishona wavu. Nilimwambia habari za Darwin, na kwa kuwa nilikuwa kijana nisiyejua kupima maneno, nilianzia mahali pabaya, penye habari za mtu na nyani.

Baba akaacha kushona. "Mwanangu," akasema, "mimi nimeuza mtumbwi mmoja ili wewe usome. Nimekusomesha uje uniambie kwamba babu yangu ni nyani?"

Nikamjibu kwamba hayo yameandikwa vitabuni, na yeye hawezi kuyaelewa kwa sababu hakusoma. Nayaandika maneno haya kwa haya. Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa siku mbili bila kusema nami. Siku ya tatu alinikuta nimeshika kombe langu, akalichukua, akaligeuza mbele ya taa.

"Mimi sijui vitabu vyako," akasema, "lakini konokono huyu namjua. Tazama hapa." Akanionyesha mstari uliopinda katika kombe, kama kovu. "Hapa alivunjwa na kaa, akaponyoka, akajijengea tena. Makombe mengi ya kwenye mawe yana makovu hayo. Wenye nyumba nyembamba hawaponyoki. Kama ziwani kusingekuwa na kaa, huyu angekuwa na haja gani ya nyumba ya mawe?"

Nikamwambia: "Baba, hilo halikuandikwa mahali popote."

"Basi andika wewe," akasema.

Nami nikacheka. Kicheko kile chanisumbua mpaka leo.

MAGEUKO NI NINI?

Sasa, wasomaji, ngojeni kidogo niwaeleze fikira yenyewe ya Darwin na Wallace, kwa mfano wa konokono na kaa. Ina hatua nne tu.

Kwanza, viumbe wa aina moja hawafanani sawasawa. Katika konokono mia, wengine wana kombe nene kidogo, wengine jembamba kidogo. Pili, sehemu ya tofauti hizo hurithiwa. Watoto hufanana na wazazi wao. Tatu, wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi mpaka wakazaa. Wengi huliwa au hufa njaa. Nne, wanaopona si wa bahati tu. Penye kaa, wenye kombe nene huponyoka mara nyingi zaidi, nao ndio wanaozaa. Basi kizazi kifuatacho kitakuwa na wenye makombe manene wengi zaidi kidogo. Fanya hivyo mara elfu, mara laki, mara milioni, nawe utapata konokono mwenye nyumba ya jiwe, bila yeye mwenyewe kutaka wala kujua. Darwin aliliita jambo hili uchaguzi wa asili, kwa mfano wa mfugaji anayechagua ng'ombe wa kuzalisha; ila hapa hakuna mfugaji, anayechagua ni kaa.

Angalieni kosa moja ambalo wanafunzi wengi hulifanya. Konokono hajiongezei unene kwa sababu anamwogopa kaa, kisha akawarithisha watoto woga wake. Sivyo. Wapo wanene na wapo wembamba tangu mwanzo. Wembamba huliwa, basi.

Na je, nyani? Darwin hakusema kwamba mtu amezaliwa na nyani hawa tunaowaona msituni. Alisema kwamba mtu na nyani ni kama watoto wa ndugu: wana mababu wa zamani sana waliokuwa wao wote pamoja, kisha ukoo ukagawanyika. Mtoto wa ndugu ya baba yako si baba yako. Kitabu chake cha mwaka 1871 kilikisia kwamba mababu hao huenda waliishi Afrika. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, Livingstone na Stanley walikuwa wakipiga makasia katika ziwa letu, wakafika Mugere karibu na Bujumbura, ambapo jiwe lenye majina yao lipo hata sasa, na wakahakikisha kwamba mto Rusizi huingia ziwani, hautoki. Mifupa ya kuutia nguvu ukisio wa Darwin ilikuja kupatikana baadaye, mingine jirani tu, kama ile aliyoiona Mary Leakey huko Olduvai, Tanganyika, mwaka 1959, miaka 100 kamili baada ya kitabu cha kwanza cha Darwin.

KAA AMETOA USHAHIDI

Nilimaliza shule, nikaenda kusomea ualimu Dar es Salaam. Siku moja, katika maktaba, nilifungua jarida la wataalamu la mwaka 1991, nikaona jina la ziwa letu. Wachunguzi watatu, West, Cohen na Baron, walikuwa wamechunguza konokono na kaa wa Tanganyika. Waliyavunja makombe kwa chombo cha kupimia nguvu, wakaona kwamba makombe ya ziwani kwetu ni magumu mara nyingi kuliko ya jamaa zao wa maziwa mengine. Waliwatia kaa na konokono pamoja katika vyombo vya maji, wakatazama. Walipima makucha ya kaa, nayo yalikuwa makubwa na yenye nguvu. Tena waliyahesabu makovu katika makombe. Wakasema kwamba kaa na konokono wa Tanganyika wamebadilishana wao kwa wao kwa muda mrefu: huyu akizidisha ngome, yule akizidisha nyundo. Ndiyo maana makombe yafanana na ya bahari, kwa sababu baharini nako kuna kaa wakali. Habari za bahari ya kale hazikuhitajiwa tena.

Nilikaa kwenye kiti kile mpaka maktaba ikafungwa. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia kwa baba, mbele ya taa, nami nikacheka.

Nilitaka kurudi mara moja nimwombe radhi, lakini fedha hazikupatikana, kisha vita vya Burundi vilivyoanza mwaka 1993 vikafunga njia yangu miaka mingi. Kila nilipopata habari za Rumonge niliogopa kuuliza. Hata mwisho, amani iliporudi, nilishuka pale kituoni na mkoba wangu, na ndani ya mkoba nina karatasi za lile jarida. Mzee alikuwa hai. Alikuwa ameacha kuvua, na macho yalikuwa yamepungua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekawia."

Jioni nilimsomea yote, nikigeuza maneno kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza: "Waliwatia kaa na konokono chombo kimoja wakatazama kwa macho yao?" Nikasema, "Ndiyo, baba." Akacheka mpaka akakohoa. "Basi ni vizuri. Wamekwenda kumwuliza kaa mwenyewe. Kaa hana sababu ya kusema uongo."

Nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya zamani. Akanipa mkono. Baada ya kitambo akasema, "Na lile la nyani?" Nikamweleza mfano wa watoto wa ndugu. Akafikiri. "Hilo nitalitazama," akasema, "lakini usiniharakishe." Nami sikumharakisha. Darwin mwenyewe alijipa miaka 20.

SAMAKI WA KINYWA CHA UPANDE

Msidhani kwamba konokono ndiye peke yake. Ziwani mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Wapo wadogo wanaokaa na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Wapo wanaoishi kwenye mawe tu, wala hawathubutu kuvuka mchanga, hata samaki wa mawe haya wana rangi moja, na jamaa zao wa mawe ya mbele wana nyingine. Wavuvi wajua jambo hilo tangu zamani.

Lakini anayenipendeza zaidi ni samaki aitwaye Perissodus. Huyu hula magamba ya samaki wenzake. Humnyemelea kwa nyuma, akamnyofoa magamba ubavuni. Kinywa chake kimepinda: wengine kushoto, wengine kulia, nao huzaliwa hivyo. Kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alieleza mambo aliyoyaona kwa miaka mingi. Wa kushoto wakizidi, samaki wengine hujihadhari upande huo, basi wa kulia, ambao ni wachache, hupata chakula kwa urahisi, wakazaa sana. Wa kulia wakizidi, mambo hugeuka. Hivyo idadi zao hupanda na kushuka kama mizani ya dukani. Darwin alidhani kwamba uchaguzi wa asili ni wa polepole mno, hata mtu hawezi kuuona ukitendeka. Katika ziwa letu umeonekana.

NENO LA MWISHO

Wanafunzi, maisha ya mabwana wale yasomeni, yanafurahisha. Lakini msiyasome kama habari za watu wa mbali waliokwisha maliza kazi yote. Kazi iko mlangoni kwenu, tena ina haraka. Udongo wa milima iliyofyekwa miti hushuka na mvua, ukafunika mawe wanamoishi viumbe hawa. Nyavu za matundu madogo hutoa samaki kabla hawajazaa. Kiumbe akitoweka kabla ya kuchunguzwa, hata swali lake limetoweka naye.

Kwa hiyo mkienda likizo, kama ni Rumonge, Nyanza-Lac, Kigoma au Uvira, fanyeni hivi. Okoteni makombe 50 mahali pamoja, matupu, si ya walio hai. Hesabuni yenye makovu na yasiyo nayo. Andikeni mahali na tarehe. Kisha fanyeni vivyo hivyo mahali pengine, penye mchanga, mkalinganishe. Tena waulizeni wazee wavuvi, na wakiwaambia jambo lisilo vitabuni, msicheke. Liandikeni, mkalipime.

Baba yangu amekwisha fariki sasa. Kombe hili ni lile alilolishika mbele ya taa, na kovu lake bado laonekana wazi. Aliniambia niandike, nami nimechelewa sana, lakini nimeandika.